Mtu wa Chini na Mtu wa Juu

Kwa muda wa miaka thelathini na minne nilisimama mahali pamoja, chini ya kuba la Lango la Ushindi katika ngome ya Golkonda, upande wa magharibi wa jiji la Haidarabadi. Na kazi yangu ilikuwa kupiga makofi. Wapo watu wa kanisani kwetu walioona haya kwa niaba yangu. Walisema kwamba mimi, Jivaratnam, niliyesomeshwa na wamishonari wa Medak mpaka nikaweza kuandika barua isiyo na kosa, ningefaa kuwa karani wa mahakama. Kazi ya halali haihitaji wakili.

Mtu akisimama chini ya kuba lile na kupiga kofi moja, sauti hupanda kilima chote na kusikika katika baraza lililo kileleni, umbali wa kilomita nzima, kana kwamba aliyepiga yuko chumba cha pili. Wafalme wa zamani walipashana habari kwa njia hiyo: ni nani aliyefika langoni, naye ni rafiki au adui. Sisi tuliitumia kwa ajili ya wageni waliokuja kulitazama jiji letu. Kila jozi ya waongozaji ilikuwa na mtu wa chini na mtu wa juu. Mtu wa juu huwapandisha wageni ngazi mia tatu na sitini. Wakifika kileleni hupunga kitambaa cha kijani. Mtu wa chini hukiona kitambaa, hurudi chini ya kuba, hupiga makofi kwa idadi aipendayo. Mtu wa juu huwatangazia wageni idadi hiyo, kisha hupunga kitambaa mara hizo hizo, ili mwenzake naye ajue kwamba amesikika.

Mtu wangu wa juu alikuwa Mirza Yadullah Baig. Babu zake walikuwa wapiga mizinga wa ngome hiyo, naye hakuacha siku ipite bila kulitaja jambo hilo. Alikuwa mwembamba, mwenye ndevu za hina na ulimi usiopumzika. Mimi aliniita Padri, kwa sababu ya ukali wangu, ijapokuwa sikuwahi kuhubiri popote.

Kuna jambo ambalo lazima nilitangulize, kwa kuwa bila hilo mengine hayataeleweka. Miaka mingi nyuma tulikuwa na mwongozaji mwenzetu aliyeitwa Shivcharan. Huyu aliwaambia wageni kwamba ipo njia ya chini kwa chini itokayo Golkonda mpaka jengo la Minara Minne katikati ya jiji, na kwamba yeye binafsi ameipita yote akiwa na mshumaa. Huwezi kuieleza Haidarabadi bila kuitaja hadithi ya njia hiyo, na kuitaja si kosa. Lakini Shivcharan hakuipita, wala hakuna aliyeipita. Nilimwonya mara mbili. Mara ya tatu niliandika barua kwa ofisi ya utalii inayotupa ruhusa ya kazi, akanyang'anywa beji yake.

"Padri," Mirza aliniambia siku ile, tukinywa chai mkahawani, "mtu kadanganya habari ya shimo tu."

"Uongo ni uongo."

"Hata wa shimo?"

"Hata wa shimo."

Alichovya biskuti yake katika chai, akaiacha mpaka ikakatika na kuzama.

Basi ilikuwa mwezi wa Oktoba, mvua zimekwisha, na wanawake wauzao matunda ya matopetope wamejipanga nje ya lango na vikapu vyao, ndipo Narsing aliponijia. Huyu ni mwongozaji mwenzetu wa makamo, mwenye tumbo kubwa na mdomo mkubwa kuliko tumbo.

"Mzee Jivaratnam, umesikia? Wamemshtaki Mirza wako."

"Nani amemshtaki?"

"Mgeni mmoja wa Pune. Kaandika kurasa mbili, mbele na nyuma. Anasema mama yake kateleza kwenye ngazi, yeye kapiga kelele simama, simama, na Mirza huyoo, anapanda tu kama mbuzi aliyeona majani. Hata kugeuka hakugeuka."

"Mama huyo aliumia?"

"Kifundo cha mguu. Wamemfunga bendeji. Sasa Madamu wa ofisini anakuja Alhamisi na karani wake, kumpima Mirza masikio. Akishindwa, beji inakwenda."

"Masikio ya Mirza ni mazima."

Narsing alinitazama huku akimenya topetope kwa kidole gumba.

"Mzee, wewe kweli hujui? Au unajifanya?"

Sikupenda swali hilo. Kila siku nilipiga makofi, na kila siku kitambaa kilinijibu idadi iliyo sawa. Ni ushahidi gani mwingine ambao mtu angedai? Hata hivyo kesho yake asubuhi nilimwachia Narsing nafasi yangu chini ya kuba, nikajiunga nyuma ya kikundi cha walimu wa Nagpur ambao Mirza alikuwa anawapandisha. Sikumwambia kwamba nipo. Nilikuwa sijapanda kilima kile kwa miaka kumi na mmoja, kwa sababu ya magoti. Namshukuru Mungu kwamba walimu wale walikuwa wanene, wakasimama kupumzika karibu kila kona, vinginevyo ningeachwa.

Mambo niliyoyaona njiani niliyaona kwa sababu nilikuwa nyuma. Mirza alitangulia, na kila alipofika mahali pana aligeuka, akazitazama nyuso zote, midomo yote, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayesoma ukuta wenye maandishi. Mwalimu mmoja wa kike aliuliza kutoka pembeni, "Gereza ni lile pale?" Hakujibu. Akauliza tena. Mume wake akanyoosha mkono kuelekea gerezani, na hapo Mirza akaanza kueleza habari za gereza kwa ufasaha mkubwa, na watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nilipokuwa ngazi tano chini yake niliita, "Mirza!" Kunguru waliruka. Yeye aliendelea kupanda.

Kileleni alipunga kitambaa. Alitazama chini, langoni, ambako mtu huonekana kama punje ya mpunga. Akaiona punje hiyo ikiingia chini ya kuba. Kisha akaligeuzia lango mgongo, akawaelekea wageni wake na kusubiri.

Niseme wazi kwamba sehemu hii ya kazi yangu sikuwa nimeiona kwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka ya kwanza, siku mojamoja nilipopanda kwa zamu, sikuitazama, kwa kuwa nilikuwa nikisikiliza. Makofi yalipofika, niliona nyuso za wale walimu zikifunguka. Mzee mmoja mwenye miwani alicheka, akaziba mdomo kwa mkono kana kwamba amekosa adabu. Mwingine alitazama nyuma yake, akamtafuta aliyepiga. Mirza alizitazama nyuso hizo, na uso wake mwenyewe ukafunguka pamoja nazo.

"Mangapi?" akauliza.

"Matatu!"

"Matatu!" akarudia kwa sauti kubwa, akapunga kitambaa mara tatu.

Zamani yeye ndiye aliyekuwa akiitangaza idadi. Nilikumbuka kwamba miaka kadhaa iliyopita aliniambia amebadilisha desturi, sasa anawauliza wageni kwanza. Nami nikamsifu, nikamwambia ndivyo walivyotufundisha wamishonari, kwamba mwanafunzi aulizwe kabla ya kuambiwa. Nilimsifu! Aliinamisha kichwa, nami nikadhani ni unyenyekevu.

Walimu walipotawanyika kuyatazama makaburi ya wafalme na ukungu wa jiji, Mirza akaniona.

"Padri! Malaika wamekubeba, au magoti yameokoka?"

Niliketi ukutani, naye akaketi kando yangu. Niligeuza uso kuelekea jijini nikasema, "Tangu lini?" Hakujibu. Alikuwa anafuta jasho shingoni kwa kitambaa cha kijani. Nikamgeukia.

"Tangu lini, Mirza?"

Mkono wake ulisimama shingoni.

"La kushoto, miaka sita. La kulia, minne." Akakunja kitambaa vizuri, pembe kwa pembe. "Makofi ndiyo yaliyotangulia kuondoka. Ajabu, siyo? Adhana naisikia bado, kwa mbali, kama iko ndani ya mtungi. Lakini makofi yako, wapi."

"Hakuna chombo cha masikio?"

"Wanangu walinunua Jeddah, wakaniletea. Huku juu upepo ukivuma kinapiga miluzi kama birika. Kipo kabatini sasa. Kinasikiliza soksi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungefanyaje?"

Nilitafuta jibu lililo la kweli, kwa maana sijazoea kutafuta la namna nyingine.

"Ningekwenda ofisini."

"Si umeona? Umejijibu mwenyewe."

Nilimweleza habari za mama wa Pune. Nilizieleza polepole, uso kwa uso, nami nikaona kwamba hakuwa na habari. Alikumbuka kikundi hicho. Alikumbuka kwamba alipofika juu walipungua watu watatu, akadhani wamechoka wakarudi.

"Aliniita?"

"Mwanawe alikuita. Mara nyingi."

Mirza aligeuza uso kuzitazama ngazi. Kisha akasema, bila kunitazama, hivyo nisingeweza kumjibu hata kama ningetaka:

"Nyumbani kila mtu ananiambia jambo mara mbili, na mara ya pili kwa hasira. Wanangu wanapiga simu, siisikii, wanadhani nimewanunia. Huku juu watu wananitazama kabla sijafungua kinywa. Wote wananitazama. Usiniambie niache, Padri. Ukiniambia wewe nitaacha, kwa hiyo usiniambie."

Sikumwambia. Nilishuka kwa kukaa na kusimama, na Narsing alikuwa akiningoja chini.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Basi sikiliza, Mzee, mimi nimeshapiga hesabu. Huo mwavuli wako mweupe wa jua. Siku ya Alhamisi, Madamu akikuambia piga matano, wewe kabla ya kuingia chini ya kuba unaufungua na kuufunga mara tano. Kama unakung'uta vumbi. Mirza macho yake ni ya mwewe. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Basi wewe peke yako. Mmoja tu! Mbona si wengi?"

Nilimwambia kwamba njia ya mwongo ni fupi. Akanijibu kwamba njia ya mkweli, kwa jinsi alivyoiona, haina hata mahali pa kukaa.

Alhamisi ilifika. Yule Madamu wa ofisini, Bibi Suvarchala, alikuwa mama wa umri wa miaka hamsini hivi, sari yake ya pamba imepigwa pasi ikasimama, na viatu vya mtu anayejua kutembea. Nilimheshimu tangu alipowakataza wanawake wa matopetope wasimpe la bure. Alimtuma karani wake apande pamoja na Mirza, akaamuru wageni wote wazuiliwe chini kwa nusu saa, ili kileleni pasiwe na mtu mwingine wa kunong'ona. Wageni walinung'unika. Yeye alikaa juu ya kiti cha mlinzi, akaweka mafaili mawili magotini.

"Lako nimelileta kwa utaratibu tu, Mzee. Wewe huna shida."

Alilifungua, nami niliyesimama kando yake nikaliona. Kila mwezi wa Aprili kila mwongozaji, hata wa chini ambaye hutakiwa kupanda kwa zamu, hutia sahihi tamko. Niliyaona matamko yangu, moja juu ya jingine, kwa mwandiko wangu, ambao ni mzuri, kwa kuwa tulichapwa viboko mpaka ukawa mzuri. Yalisema: Ninathibitisha kwamba ninapanda pamoja na wageni wangu hadi kileleni. Kumi na moja kati ya hayo niliyaandika baada ya magoti yangu kukataa. Niliyaandika nikijiambia kwamba ningeweza kupanda kama ningelazimika, na kwamba jozi ni kitu kimoja, apandapo mmoja wamepanda wote wawili. Nilikuwa nimempeleka mtu ofisini kwa sababu ya shimo ambalo hakulipita, huku mimi mwenyewe nikipanda kila Aprili, kwa kalamu, kilima ambacho sikukipanda.

Kitambaa cha kijani kilipungwa. Bibi Suvarchala akanionyesha karatasi yenye idadi.

"Piga matano."

Niliulaza mwavuli wangu chini, mbali na mimi, umefungwa, ili mtu yeyote asiseme neno. Narsing aliyekuwa kwenye kivuli cha ukuta alitikisa kichwa kama anayemtazama mtu akitupa chakula. Niliingia chini ya kuba nikapiga makofi matano. Simu ya Bibi Suvarchala ikalia.

"Amesema matano," akasema, akafunga simu. "Sawasawa kabisa. Hawa wageni nao, akiteleza mtu lazima atafutwe wa kulaumiwa." Akaitoa kalamu.

Kwa dakika moja nilidhani kwamba nimeona muujiza. Nami si mtu wa kudharau miujiza. Kisha nikamkumbuka karani. Karani ni kijana mwangalifu, aliambiwa asiseme neno wala asioneshe ishara, na bila shaka hakusema neno. Lakini alikuwa na uso. Makofi matano yalimfikia kutoka kilomita nzima, mara ya kwanza maishani mwake, na hakuna aliyemfundisha kuuzuia uso usishtuke kwa kila kofi. Mirza hakuhitaji zaidi ya huo.

Hapo nikatambua kwamba mtihani wa Mirza umekwisha, naye ameshinda kwa ufundi wake, na kwamba uliobaki ni wangu. Kama ningenyamaza, hakuna aliyekuwa amesema uongo. Angeendelea kupanda. Na siku moja mtu mwingine angeteleza nyuma ya mgongo wake, na pengine asingeumia kifundo cha mguu tu.

"Una neno, Mzee, kabla sijatia sahihi?" Aliuliza kama watu wanavyouliza wasipotarajia jibu.

"Ninalo, Madamu. Andika jina langu kwanza."

"Jina lako la nini?"

Nilimweleza juu ya magoti yangu na Aprili kumi na moja. Alilifungua tena faili langu, akazisoma karatasi, akanitazama kwa uchovu.

"Mzee, kwa nini unanifanyia hivi? Nimekuja kwa jambo moja, narudi na mawili?"

"Na la pili ni kwamba mwenzangu hakusikia."

"Amejibu matano!"

"Amejibu sawa. Hakusikia. Mwambie karani asimame nyuma yake, yeye atazame ukuta."

Narsing alisema neno ambalo sitaliandika. Bibi Suvarchala alipiga simu, akatoa maagizo, kisha akaninyooshea vidole vitatu bila kusema. Nilipiga. Mikono yangu ilikuwa mizito kuliko magoti. Tulisubiri. Simu ilipolia alisikiliza kwa muda mrefu, uso wake ukabadilika.

"Hakutaja idadi," akasema. "Karani anasema Mirza ametulia tu akiutazama ukuta, halafu ameuliza swali. Anasema, mwulizeni Padri, yule mama wa Pune anatembea sasa?"

Bibi Suvarchala alijibu yeye mwenyewe, kwa kuwa barua ilikuwa naye. Alisema ndiyo, anatembea.

Mirza aliposhuka, beji yake ilikuwa imekwisha funguliwa kifuani na iko mkononi. Yangu nilikwisha itoa. Zilitiwa katika bahasha moja. Hakuna aliyempigia mwenzake kelele. Alipita mbele yangu, akasimama, akaniambia kwa sauti ya mtu asiyejua sauti yake ina ukubwa gani, hivi kwamba foleni nzima ya wageni ilisikia:

"Shivcharan ulimwandikia barua. Mimi umenisemea kwa mdomo. Nimepanda cheo."

Akaenda zake.

Siku zile zilizofuata nilikuwa na muda mwingi. Nilikwenda kumtafuta Shivcharan stesheni, ambako mtu aliwahi kumwona akiuza leso. Mwenye kibanda cha chai aliniambia kwamba alikwisha hamia kwa binti yake, mjini Warangal, miaka mingi iliyopita. Nilinunua chai ambayo sikuihitaji nikarudi nyumbani. Nilichotaka kumwambia sikijui mpaka leo. Yale ya njia ya chini kwa chini yalikuwa uongo, na ningesema hivyo tena; lakini nadhani ningeanza na maneno mengine.

Ijumaa mbili nilikwenda nyumbani kwa Mirza baada ya sala. Mara zote mbili mkwewe alisema amelala. Viatu vyake vilikuwa mlangoni, vina vumbi jekundu la kilimani.

Ilikuwa Desemba Narsing aliponiambia. Tulikutana sokoni, yeye akichagua biringani.

"Mzee, yule mtu wako anapanda kila siku."

"Amerudishiwa beji?"

"Beji ya wapi! Anakata tiketi kama raia, anapanda, anakaa pale ukutani mpaka mchana. Tumemzoea. Ila hasemi na mtu. Mirza, hasemi! Nenda wewe."

"Hataki kuniona."

"Sasa akikataa atafanya nini, atakimbia? Wewe huwezi kumfukuza, yeye hawezi kukusikia ukija. Mmefaana."

Kesho yake nilikata tiketi. Nilipanga foleni na wageni, nikapita chini ya kuba bila kusimama, nikaanza kupanda mara tu baada ya lango kufunguliwa. Nilifika kileleni jua likiwa karibu na utosi. Watu walinipita, na watoto wakanipita wakishuka, nao wakanipita tena wakipanda mara ya pili.

Alikuwa ukutani. Niliketi kando yake, upande ule ule wa mara ya kwanza. Aliniona, akayatazama magoti yangu, akaondoa mfuko wake wa karanga ili nipate nafasi. Basi. Tuliutazama ukungu wa jiji.

Baadaye kikundi kikafika, watu wa familia moja, na mwongozaji wao akapunga kitambaa chake. Nilijua kwamba chini kule ni zamu ya Narsing. Wageni walinyamaza. Mirza hakugeuka kuwatazama. Aliendelea kukodolea macho jiji, na nikaelewa kwamba ndivyo alivyokuwa akifanya miezi hii yote.

Makofi yakaja. Sikuwa nimepanga nitakalofanya. Niliuchukua mkono wake uliokuwa juu ya ukuta, nikaufungua, nikamgonga kwa kidole katikati ya kiganja, kadiri nilivyosikia. Manne.

Alitulia. Hakuuondoa mkono. Kisha akageuka, akanitazama usoni kwa makini, kama alivyokuwa akiwatazama walimu wa Nagpur.

"Manne," akasema kwa sauti kubwa, kabla mwongozaji hajafungua kinywa, na familia nzima ikageuka kumtazama yule mzee wa ukutani. "Lakini Narsing anapiga vibaya. Anapiga kama mtu anayeua mbu."

Ilikuwa kweli tupu. Nilimgeukia ili aone midomo yangu.

"Umejuaje?"

"Umekunja uso, Padri."